Mabakuli ya Makka: Uhakiki wa Visa vya Ramdev Pir

Magharibi ya Rajasthan, katika nchi kame ya mchanga na miti ya miiba iliyo kaskazini ya mji wa Pokaran, kipo kijiji cha Ramdevra, ambacho wenyeji hukiita pia Runicha. Hapo pana kaburi. Kila mwaka, katika mwezi wa Bhadrapad unaoangukia Agosti au Septemba, makundi ya watu hulielekea kaburi hilo, wengi wao kwa miguu, kutoka Gujarat, Madhya Pradesh na pande zote za Rajasthan, wakichukua bendera na farasi walioshonwa kwa kitambaa. Kaburi limefunikwa vitambaa kama yafunikwavyo makaburi ya mawalii, lakini nyumba iliyojengwa juu yake ni hekalu, na ndani yake hugongwa kengele na kuwashwa taa za samli. Aliyezikwa humo Wahindu humwita Baba Ramdev, nao humwamini kuwa ni Krishna aliyeshuka tena duniani. Waislamu humwita Rama Shah Pir. Kwa mujibu wa masimulizi alikuwa mtoto wa Ajmal wa ukoo wa Tanwar, Marajput wenye nasaba ya kifalme, na aliishi katika karne ya 14 au ya 15.

Mengi yameandikwa juu yake, na sehemu kubwa ya maandishi hayo huzunguka swali moja: je, mtu huyu ni wa nani? Ni mungu wa Wahindu aliyevikwa jina la Kiislamu, au ni walii wa Kiislamu aliyevikwa taji la Kihindu? Swali hilo si la upuuzi. Katika India ya leo, ambako makaburi na mahekalu hubishaniwa mahakamani na barabarani, jibu lake laweza kuamua nani aingie na nani afukuzwe. Lakini kwa mtu atafutaye kuelewa fasihi, swali hilo limeleta hasara, maana limefanya visa na nyimbo za Ramdev zisomwe kama zisomwavyo hati za kiwanja: kila neno hupimwa kwa faida ya upande mmoja, na hakuna aulizaye kisa kinasema nini. Kipo kisa kimoja ambacho pande zote hukitaja na kukidai. Hicho ndicho kistahilicho kuangaliwa upya.

Kisa chenyewe ni hiki. Sifa za Ramdev zilifika Makka, na mapir watano wakafunga safari kuja kumjaribu. Walimkuta nje ya kijiji, naye akawakaribisha kwa adabu. Walipoketi walichomeka miswaki yao ardhini, na miswaki ikachipua ikawa miti mitano ya pipal, mti uheshimiwao sana na Wahindu. Mahali hapo huonyeshwa mpaka leo na huitwa Panch Pipli. Ramdev akawatandikia busati lililoonekana dogo, likawatosha wote. Kisha chakula kikaletwa. Wageni hawakunyosha mikono. Walisema kwamba wao hawali ila katika mabakuli yao wenyewe, nayo wameyaacha Makka. Mwenyeji hakukasirika wala hakubishana. Alinyosha mkono, na mabakuli yakaja yakiruka angani, yakatua mbele ya wenyewe, kila moja kwa mwenyewe. Hapo mapir wakakiri ya kuwa wao ni mapir, lakini yeye ni pir wa mapir. Na tangu siku hiyo jina la Ramdev hufuatwa na neno hilo la Kiajemi lenye maana ya mzee.

Vijitabu vya bei ndogo vinavyouzwa penye mikusanyiko ya mahujaji hukitia kisa hiki katika orodha ya karama ambazo aghalabu huhesabiwa kuwa 24. Kila karama huitwa parcha, yaani utambulisho au uthibitisho, na jina hilo lenyewe hueleza jinsi vijitabu vinavyosoma. Mtoto mchanga anateremsha maziwa yaliyofurika motoni: uthibitisho. Farasi wa kitambaa anaruka mbinguni kwa kuwa mshonaji aliiba kitambaa kizuri na kumjaza matambara: uthibitisho. Mapir wanashindwa: uthibitisho mwingine. Kisa cha mabakuli kikisomwa hivyo huwa ni shindano, na mshindi alijulikana tangu mwanzo, kwa sababu Ajmal alikwisha kwenda Dwarka, akamrushia mungu andazi tamu kwa uchungu wa kukosa mtoto, akajitupa baharini, akaahidiwa kwamba Krishna mwenyewe atazaliwa nyumbani kwake. Krishna ashindane na nani? Shindano ambalo upande mmoja ni mungu halina wasiwasi wowote, na kisa kisicho na wasiwasi hakisimuliwi kwa karne kadhaa. Kwa hiyo usomaji wa vijitabu, ingawa ni wa watu wenye mapenzi ya kweli, unashindwa kueleza kwa nini kisa hiki kimoja ndicho kilichobaki midomoni mwa watu kuliko vingine vyenye maajabu makubwa zaidi.

Usomaji wa pili ni wa mwanachuoni. Mwaka 1997 Dominique-Sila Khan alichapisha New Delhi kitabu chake juu ya Ramdev Pir na Waismailia wa Rajasthan, na tangu hapo hakuna awezaye kuandika juu ya jambo hili bila kulijibu. Hoja yake ni kwamba ibada ya Ramdev ni tawi lililosahauliwa la daawa ya Waismailia wa Nizari, ambao mapir wao walihubiri Sindh, Punjab na Gujarat wakitumia lugha na picha za Kihindu. Ushahidi wake ni mwingi: jina la Pir Shams, ambalo katika nyimbo za Rajasthan hutamkwa Samas, mikutano ya usiku yenye chombo cha maji matakatifu, matumaini ya mshuko wa kumi wa Vishnu atakayekuja kusawazisha dunia, na neno Nizar lenyewe, linalosikika bado katika nyimbo za watu wasiojua kwamba ni jina la mtu aliyepigania uimamu wa Misri katika karne ya 11.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali kuuona uwezekano wa jambo hili. Makhoja waliohamia Unguja katika karne ya 19 kutoka Kutch na Kathiawar walikuja na ginan zao, nyimbo za dini zilizohusishwa na mapir hao hao, na nyimbo hizo zimeimbwa katika jamatkhana za Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam. Moja ya ginan mashuhuri, Das Avatar, ilisimulia mishuko tisa ya Vishnu na kuufanya wa kumi kuwa Ali. Mwaka 1866, katika kesi ya Aga Khan mjini Bombay, ginan hiyo ililetwa mbele ya jaji Joseph Arnould kuwa ushahidi wa dini ya Makhoja. Baadaye, katika karne ya 20, iliachwa kuimbwa katika ibada. Wimbo uliokuwa daraja ulipofikishwa mahakamani uliulizwa uko ng'ambo ipi ya mto. Kwa Makhoja jibu lilikuwa Uislamu. Kwa watu wa Ramdev, bila mahakama, lilielekea upande wa pili.

Basi Khan ana haki katika jambo kubwa, nalo ni kwamba neno pir katika jina la Ramdev si pambo tu. Hata hivyo usomaji wake wa kisa cha mabakuli hauridhishi kikamilifu. Kwake mapir watano ni kumbukumbu: alama ya uhusiano wa zamani na wahubiri wa Kiislamu, iliyogeuzwa baadaye ikawa ushindi wa Kihindu. Huenda ndivyo. Lakini kumbukumbu ya wahubiri ingeweza kusimuliwa kwa njia mia. Wangeweza kushindana kwa moto, kwa nyoka, au kwa kufufua wafu, mambo ambayo visa vya India havikosi. Kwa nini mabakuli? Khan ameandika kwa kirefu na kwa huruma juu ya Wameghwal, tabaka la wafuma nguo na watengeneza ngozi, ambao ndio waumini wa kale na wa moyo wa Ramdev. Lakini mara nyingi katika kitabu chake wao huonekana kama mashahidi wanaohifmadhi siri wasiyoijua, si kama watunzi wanaojua wasemalo.

Mtu akikisikiliza kisa akiwa miongoni mwa Wameghwal, jambo la kwanza litakalomgusa si Makka. Ni kukataa chakula. Katika vijiji vya Rajasthan swali la nani ale katika chombo cha nani lilikuwa ndilo swali la maisha. Mmeghwal hakupewa maji ila kwa kumiminiwa viganjani kutoka juu. Bakuli alilolishika lilivunjwa au lilitengwa. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku utengano huo katika kifungu chake cha 17, lakini sheria imeandikwa mjini, na chombo kimo jikoni. Wageni wanaosema “hatuli ila katika mabakuli yetu” wanasema maneno ambayo Mmeghwal ameyasikia maisha yake yote, isipokuwa amezoea kuyasikia kwa Rajput na kwa Brahman. Kisa kimeyatoa maneno hayo katika vinywa vya watu wa juu wa kijijini na kuyatia katika vinywa vya wageni wa mbali. Hiyo ni hila ya kale ya wasimulizi wote wanaoishi chini ya wenye nguvu: kosa la jirani husimuliwa kuwa la mgeni, na jirani akiwapo hucheka pamoja na wengine, bila kujua anajicheka.

Tena atazamwe Ramdev afanyavyo. Hawalazimishi wageni kula katika vyombo vyake, wala hawahubirii kwamba vyombo vyote ni sawa. Anawaletea vyao. Sharti lao limeheshimiwa, na udhuru wao umekwisha. Hapo ndipo kisa kina akili kuliko wafasiri wake wote. Anayekataa kula kwa sababu ya bakuli huwa na mambo mawili, sharti na udhuru, na aghalabu hujificha nyuma ya la kwanza ili asikiri la pili. Ramdev amevitenga. Bakuli limekuja, sasa ama mle, ama mseme kwamba hamkutaka kula nami. Wasiwasi wa kisa umo katika nafasi hiyo fupi baina ya kutua kwa mabakuli na kunyoshwa kwa mikono, na msimulizi mwema hunyamaza hapo kidogo.

Lakini uhakiki wa haki sharti uone pia kisa kinapokomea. Mwisho wake kila mtu amekula katika bakuli lake. Watu wa pwani husema juu ya jamaa wanaopendana kwamba wanakula sinia moja. Katika kisa hiki hakuna sinia moja. Mwenyeji ameshinda, mgeni amekiri, na mipaka ya vyombo imebaki mahali pake. Si ajabu basi kwamba kisa hiki kimependwa na watu wa matabaka yote. Rajput akikisikia haoni kwamba ameombwa abadili chochote jikoni kwake. Ni kisa cha mchana, cha uwanjani, kinachosimuliwa mbele ya wote.

Usiku ni mambo mengine. Ibada ya asili ya watu wa Ramdev ni mkesha uitwao jamma, neno ambalo sikio la Mswahili hulipeleka mara moja kwenye jamaa na jumuiya, ingawa asili yake inabishaniwa. Katika jamma taa huwashwa, tambura na matoazi hupigwa, na nyimbo huimbwa mpaka alfajiri. Na baadhi ya mikesha ya siri ya njia hii huishia kwa chakula kinacholiwa pamoja bila kuuliza tabaka. Nyimbo za mikesha hiyo hazimhusu Ramdev peke yake. Mojawapo ya visa vyake vikuu ni cha Rani Rupande, mke wa Rawal Mallinath, mtawala wa Rathor ambaye masimulizi humfanya aliishi zama za Ramdev. Malkia huyu alitoka usiku jumbani kwenda kwenye jamma ya Dharu, Mmeghwal. Mke mwenzake alimchongea. Mallinath alimngoja njiani na upanga, na alipomwona anarudi na sahani iliyofunikwa alimwamuru afunue, kwa kuwa alijua ndani yake mna nyama iliyotoka katika chakula cha watu wa chini. Rupande alifunua, na sahani ikawa imejaa maua. Mume aliangusha upanga, akaomba aingizwe katika njia ile ile.

Visa hivi viwili vikiwekwa pamoja, kila kimoja humfunua mwenzake. Vyote ni visa vya vyombo. Katika cha kwanza vyombo ni vitano na kila kimoja kina mwenyewe; katika cha pili chombo ni kimoja, kimetoka nyumbani kwa Mmeghwal, kimebebwa na mikono ya malkia. Katika cha kwanza muujiza hulifanya jambo la siri lionekane. Katika cha pili muujiza hulificha, maana maua ni stara: nyama imo, lakini jicho la upanga halikuruhusiwa kuiona. Wapo waliosoma maua hayo kuwa utakaso, kana kwamba wimbo unaona haya kwa chakula cha Dharu. Usomaji huo ni dhaifu. Lau wimbo ungeona haya, Mallinath angeridhika na maua na kurudi kulala. Badala yake anaomba aingizwe mahali ambapo sahani ile imetoka, na ndani ya njia hiyo hatapewa maua.

Ramdev wa nyimbo za usiku, kwa hiyo, ni mtu mwingine kidogo na Ramdev wa vijitabu. Dada yake Suguna aliolewa Pungal, na wakwe zake walimdhihaki kwa kuwa kaka yake huketi na watu wa chini; mjumbe aliyetumwa kumleta arusini kwa kaka yake, Ratna, mchunga ngamia wa Raika, alitiwa kifungoni. Ramdev mwenyewe alimwoa Netalde wa Amarkot, mji ulioko leo Sindh, Pakistan, binti aliyekuwa kiwete. Na nyumbani kwake alikua Dali Bai, msichana wa Kimeghwal ambaye hadithi husema aliokotwa mchanga penye tawi la mti, akamlea kama dada au binti. Hapa pana mahali pa mashaka ambapo wasifu wa Ramdev hauwezi kupita kwa haraka. Mtoto aliyeokotwa hana wazazi wa kumdai, na kumlea mtoto wa namna hiyo ni hisani isiyomlazimu mtu kula kwa baba yake. Wameghwal wenyewe wameliona hilo. Miongoni mwao ipo simulizi isemayo kwamba aliyeokotwa au kutolewa alikuwa Ramdev: kwamba alizaliwa nyumbani kwa Mmeghwal aitwaye Sayar, na Ajmal alimchukua tu. Kwa mwanahistoria simulizi hiyo haina uthibitisho zaidi wala pungufu ya ile ya Krishna na Dwarka. Kwa mhakiki ina thamani kubwa, maana ni jibu la watunzi kwa watunzi: kisa cha hisani kimepinduliwa, na mpokeaji amekuwa mtoaji.

Kisa cha kifo ndicho bora kuliko vyote, na ni ajabu kwamba kimeandikwa kidogo. Ramdev aliamua kuingia kaburini akiwa hai, kama wafanyavyo wayogi wakuu. Kaburi likaanza kuchimbwa. Dali akaja mbio akasema kwamba wamekosea, kaburi hilo ni lake. Akaulizwa dalili. Akasema wakichimba zaidi watakuta vitu vya mwanamke: kitana, uzi na pambo la kuvaa. Wakachimba, wakavikuta. Basi Dali akaingia yeye kwanza, na kaburi la Ramdev likachimbwa kando, naye akalifuata baadaye. Hakuna mahali pengine katika visa hivi ambapo mtu wa chini anabishana na mungu juu ya haki na kushinda. Tena hakushinda kwa muujiza wa kupaa au wa kugeuza. Alishinda kwa vitu vidogo vya nyumbani, vya mwanamke wa kijijini. Ramdev huleta uthibitisho kutoka Makka kwa njia ya anga. Dali huutoa chini ya miguu yao wote.

Husimuliwa pia kwamba Harbuji, jamaa yake Ramdev, alikutana naye njiani, wakazungumza, na Ramdev akampa bakuli na fimbo apeleke nyumbani. Alipofika akawakuta watu wanaomboleza: mwenye bakuli alikwisha kuzikwa, na bakuli lilizikwa naye. Hivyo chombo kinaifungua sifa ya Ramdev na kuifunga. Cha kwanza kilitoka Makka kwa wageni. Cha mwisho kilitoka kaburini kwa ndugu, na kama ilivyo desturi ya ndugu, wao ndio ambao hawakusadiki.

Ikiwa visa vina pande mbili, cha mchana na cha usiku, jengo lilichagua upande mmoja. Hekalu lionekanalo sasa Ramdevra lilijengwa mwaka 1931 na Maharaja Ganga Singh wa Bikaner. Mtawala huyo alikuwa mjenzi mkubwa. Mfereji wa Gang uliofunguliwa mwaka 1927 ulileta maji ya Sutlej katika jangwa la kaskazini ya nchi yake. Alilolifanya Ramdevra lilikuwa tendo la ucha Mungu na la ufalme kwa pamoja. Rajput alimjengea Rajput. Picha iliyotawala tangu hapo ni ya kijana mwenye kilemba juu ya farasi, mkuki mkononi, na usimamizi wa mahali umebaki kwa ukoo wa Tanwar. Alama nyingine ya Ramdev, jozi ya nyayo zilizochongwa katika jiwe, huonekana zaidi katika vibanda vidogo vya vijijini, chini ya miti. Nyayo hazina kilemba. Haziwezi kuonyesha tabaka la mwenyewe, na kwa sababu hiyo zinafaa kwa watu ambao jamma yao hufanyika bila kuuliza.

Inafaa kulilinganisha hekalu hili na mahali pa Gogaji, shujaa wa Chauhan ambaye huombwa dhidi ya nyoka, na ambaye kisa chake kilikusanywa na R. C. Temple katika hekaya za Punjab alizoanza kuzichapisha mwaka 1884. Huko Gogamedi, wilaya ya Hanumangarh, jengo lina umbo la kaburi la walii, lina minara, na mlangoni pake pamechongwa Bismillahi. Watumishi wake wamekuwa Wahindu na Waislamu. Jengo hilo husema waziwazi kile ambacho Ramdevra hukisema kwa vitambaa vya kaburi tu. Hata hivyo visa vya Gogaji, pamoja na uzuri wake, havina suala la chakula. Hapa mwashi aliacha mlango wazi. Kule msimulizi ndiye aliyeuacha. Ambaye angetaka kujua dini ya watu kwa kutazama mawe peke yake angepotea mahali pote pawili.

Mpaka wa mwaka 1947 uliikata nchi ya Ramdev vipande viwili, Amarkot ya mke wake ikawa upande mmoja na kaburi lake upande mwingine. Wahindu wa Sindh, wengi wao wa matabaka ya chini, hukusanyika sasa Tando Allahyar penye hekalu la Rama Pir, katika mojawapo ya ziara kubwa za Kihindu nchini Pakistan. Inastahili kuzingatiwa kwamba huko neno pir halijawa mzigo. Katika Rajasthan, kinyume chake, yapo maandishi ambayo hupendelea Baba au Dev na kuliacha neno hilo lififie, na kisa cha mabakuli, kikisimuliwa bila neno lake la mwisho, hubaki ajabu ya vyombo vinavyoruka. Mira Reym Binford, katika makala yake ya mwaka 1976 juu ya ziara ya Ramdev, alieleza jinsi mahujaji wanavyochanganyika njiani kuliko wanavyochanganyika majumbani. Njia, basi, imehifadhi zaidi kuliko kitabu.

Waliohifadhi zaidi ya wote ni waimbaji, na kati yao Wakamad, ambao wanawake wao hucheza teratali: mchezaji huketi chini, amefungwa matoazi mguuni na mkononi hesabu yao 13, na kwa toazi moja alilolishika kwa uzi huyapiga mengine kwa zamu, mwili ukizunguka, wakati wanaume wanaimba sifa za Baba. Siku hizi mchezo huo huonyeshwa pia majukwaani kwa watalii, na hapana ubaya katika hilo. Upungufu uko katika makusanyo. Karama za Ramdev zimechapishwa mara nyingi. Nyimbo za mkesha, pamoja na zile zinazohusishwa na jina la Harji Bhati, mshairi na mja wake, hazijapata bado hariri ya kulinganisha matini kwa matini, Wameghwal kwa Wakamad, Rajasthan kwa Gujarat na Sindh. Mpaka hapo kila mhakiki atakuwa anapima bakuli bila kuonja kilichomo.

Ndani ya eneo la hekalu la Ramdevra, karibu na kaburi kubwa, lipo kaburi la Dali Bai. Hapo pana bangili yake, pete kubwa ya jiwe ambayo mahujaji huamini kwamba apitaye ndani yake hupona maradhi. Shimo lake si pana. Rajput na Mmeghwal, mwenye duka kutoka Ahmedabad na mkulima kutoka Barmer, kila mmoja huvua viatu, huinama, hutanguliza kichwa, na kupita katika bangili ya mwanamke yule mmoja mmoja.